Nta ya Jumamosi

Kila nikifungua mkebe wa nta katika kanisa la mawe tunaloazimwa hapa Lidcombe, ughaibuni, harufu yake hunirudisha kwenye kanisa la kijijini kwetu, Jumamosi moja, zamu ya nyanya yangu kung'arisha sakafu. Siku hiyo nilimsihi aniachie nipake peke yangu. Kwa ujuaji wangu nikaanzia mlangoni, nikaenda kinyumenyume hadi madhabahuni. Mlango wa pili haukuwepo.

"Usithubutu kukanyaga!" nyanya alifoka kutoka kizingitini. "Kaa huko huko mpaka ikauke."

Nikaketi juu ya jiwe lenye maandishi lililolazwa sakafuni, magoti yote mekundu kwa nta. Harufu yake ilinizidi. Nikamuuliza mbona madirisha hayafunguki.

"Mzungu aliyejenga kanisa hili alitaka lifanane na la kijijini kwao Uingereza, kwenye baridi. Kila jiwe alilichagua mwenyewe. Alikuwa akisema, likiisha tu, anarudi kwao."

"Akarudi?"

Nyanya aliinama, akagusa sakafu kwa kidole kuona kama imekauka. Bado.

"Si ndiye huyo umemkalia?"