Kinyozi anayewatoa watu Januari mosi

Saa kumi na mbili asubuhi, kinyozi anayejulikana mtaani kwa jina la Kalenda amesimama juu ya stuli, chaki mkononi. Anaandika kwenye ubao alioupaka mwenyewe rangi nyeusi ukutani, kando ya mlango wake. Nyuma yake wapaka rangi wawili wameegemeza ngazi. Wametumwa na mwenye nyumba kuufuta ubao huo leo hii na kuchora tangazo la kampuni ya simu.

"Niacheni nimalize," anawaambia bila kugeuka. "Leo ni Julai 21. Siku kubwa hii."

Kila asubuhi Kalenda huandika mambo mawili yaliyotokea tarehe kama ya leo: moja la dunia, moja la mtaa. Aprili 15, ubao husema kwamba meli kubwa kuliko zote za wakati huo ilizama mwaka 1912, na kwamba bomba la maji la mtaa lilipasuka, sufuria za mama muuza mkaa zikaelea hadi barabarani. Watu husimama kusoma, hubishana, na wakishachoka kubishana huketi wakanyolewa. Wapo wanaobishana mpaka nywele walizokatwa zinaota tena. Hao hulipa mara mbili.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana televisheni na kiyoyozi. Kalenda ana viti viwili, kimoja kimefungwa kwa kamba, na bado ananyoa vichwa ishirini kwa siku.

"Ukiufuta ubao umenifungia duka," anasema. "Mashine ya kunyolea kila mtu anayo."

Si kwamba hajawahi kuteleza. Mwaka juzi, kwa kuokota maneno barabarani, aliandika kwamba fundi saa wa pale kona alifariki siku kama hiyo. Kabla hajapangusa chaki mikononi fundi saa akaingia mwenyewe, akaketi, akauliza kama marehemu hulipa nusu. Mke wa Kalenda, fundi cherehani wa mlango wa pili, alicheka mpaka akashonea mkono wa shati kwenye suruali ya mteja. Tangu hapo hakuna kinachopanda ubaoni bila mashahidi wawili wasiolala nyumba moja.

Mwenye nyumba alipoleta habari ya tangazo, juma lililopita, Kalenda hakubisha. Alimuuliza tu alizaliwa lini. Akajibiwa Januari mosi, kama nusu ya watu wa rika lake. Mwandikishaji wa shule hakuwa na muda, na mtoto asiyejua siku yake alipewa hiyo. Jioni ile Kalenda akaenda kwa shangazi wa mwenye nyumba, bibi mchangamfu anayeishi chumba cha uani. Kisha akaenda kwa fundi saa.

Sasa mwenye nyumba mwenyewe anafika, funguo zikilia mfukoni. Anasoma: "1969: Mtu akanyaga mwezi. Alfajiri hiyo hiyo, mwenye nyumba hii akanyaga dunia."

Anasoma tena.

"Nani kasema?"

"Shangazi yako. Anasema maji ya moto ya mkunga yalichelewa, kwa sababu aliyetumwa kuyaleta alinasa kwenye redio ya jirani, akisikiliza habari za mwezi."

"Nani huyo aliyetumwa?"

"Fundi saa. Amekiri mwenyewe, akaomba usimpandishie kodi."

Mwenye nyumba anatoa simu, anampigia dada yake, anamsomea ukuta neno kwa neno, halafu anarudia pale pa mwisho. Kisha anakata simu.

"Kumbe miaka yote nimekula keki ya mtu mwingine," anasema. Anawageukia wapaka rangi na kuwaambia tangazo walipandishe juu, usawa wa paa. Hapa chini wasipaguse. Kisha anaketi kwenye kiti kizima na kuomba ndevu ziondolewe, maana leo ni siku yake.

Kalenda anafunga kitambaa shingoni mwa mteja wake huku akieleza mpango alio nao. Anataka kila siku ya mwaka iwe na mtu wa mtaa huu. "Januari mosi imejaa watu ambao si wake. Nitawatoa mmoja mmoja, kila mtu arudi kwao."

Juu ya ngazi, mpaka rangi mmoja ameacha brashi ndani ya kopo. Anasema na yeye cheti chake kinasema Januari mosi.

Kalenda anazima mashine, anainua macho, na kumuuliza kama mama yake bado yu hai, na kama siku ile mvua ilikuwa inanyesha.