Samaki wa Bahari Waliokaa Rongo

Sisi tuliokulia Rongo enzi zile, kabla simu hazijaingia kila mfuko, stima ikipotea hatukuuliza chaji imebaki ngapi. Mimi na dada yangu Atieno tulikimbilia vikombe. Tuliacha mchezo wa kuruka bladda uani, tukaacha nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, sahanini, tukapanda viti pande mbili za tangi la kioo pale sebuleni, tukawa tunachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu ili samaki wapate hewa mpaka pampu iwake. Mikono ilituuma kweli, lakini hatukuthubutu kuacha.

Baba alikuwa dereva wa lori Mombasa. Mzungu mmoja aliyekuwa jirani na yadi yao, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia tangi, pampu, mawe yenye matumbawe hai na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Walivyofika Rongo wakiwa hai sijui hadi leo. Watu walitoka hata Rodi Kopany kuja kuwatazama, na kila mgeni, akishamaliza kusifu, aliuliza watakaangwa lini. Mama akijibu kwamba hao ni wa kutazamwa tu, walimwonea huruma. Mjaluo gani anafuga samaki asiyemla?

Maji yao yalikuwa ya bahari, na bahari iko mbali. Kabla ya tangi, Baba tulimwona Krismasi. Baada ya tangi, alikuja kila mwisho wa mwezi na madumu ya maji mapya. Mimi na Atieno hatukulisema, lakini tulilijua: samaki wakiishi, Baba anakuja.

Alituagiza kwamba maji yakipungua kwa joto, tuongeze ya kwenye dumu. Tulitii. Lakini ukingo wa kioo ukaanza kuota chumvi nyeupe, matumbawe yakajikunja, samaki wakajibanza kwenye kona na kukataa chakula. Mama alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Mchuzi ukikauka jikoni, huwa mnaongeza chumvi?" akatuuliza.

Alisema kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki palepale. Basi tuongeze maji ya mvua, kidogo kidogo. Atieno akalikumbatia dumu, akalia. Tulidhani anawalilia samaki. Mama alimbembeleza sana, na mwishowe Atieno akasema, "Maji ya mvua yakitosha, Baba atakuja kufanya nini?"

Mama alimfuta machozi. Kisha akamimina kikombe cha kwanza. Siku chache baadaye samaki walikuwa wanakula, matumbawe yamefunguka, na sisi tukawatazama bila furaha yoyote.

Mwisho wa mwezi Baba akaja. Alipoinua dumu la zamani alikuta limebaki karibu lote, akauliza kulikoni. Mama alimweleza kila kitu, hata yale machozi. Baba akaketi, kofia mkononi, akamwita Atieno karibu.

"Nyathina, mwanangu," alimwambia, "ulidhani nasafiri siku mbili kuja kuona samaki?"

Mwezi uliofuata alikuja tena, na safari hii alibeba mkate na sukari tu. Sijawahi kufurahia mkate namna ile.

Sasa nafanya kazi Nairobi, na wanangu wako Homa Bay na mama yao. Kila jioni tunaonana kwenye simu. Nawaona wakila omena, nawaona wakigombania kamera, na wakisikia kwamba sisi tulimngoja baba mwezi mzima bila kuona hata sura yake, wanacheka na kutuita washamba. Nami nacheka nao, ingawa moyoni naumia, maana sikumbuki vizuri mara ya mwisho nilipolala nyumbani.

Juzi kitinda mimba wangu alipanua mdomo mbele ya simu kunionyesha pengo la jino lake la kwanza kung'oka. Akasema nitaliona vizuri nikija. Nikamwambia nimeshaliona.