Seva Niliyoilaza na Salfa

Seva yangu niliiunda hapa Newala kwa mabaki: ubao wa laptop iliyopasuka kioo, diski ya kompyuta mbovu, na feni niliyoifuata Masasi. Ilikula umeme kidogo kuliko taa ya sebuleni, nikajiona fundi kweli. Nikahamishia humo picha zote za nyumbani, na za marehemu baba nikazifuta kwenye simu ya mama ili apate nafasi.

Niliiweka stoo, pakavu, hakuna joto. Miezi miwili baadaye ikazima, haikuwaka tena. Diski nayo haikusomeka.

Stoo anafagia mama. Nilimfokea mbele ya mke wangu, "Umemwaga maji, mama! Umezipoteza picha za baba!"

Hakubisha. "Nisamehe, mwanangu. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Kesho yake nikaifungua. Hapakuwa na tone la maji. Shaba ya ubao wa seva ilikuwa nyeusi kote, na feni imejaa vumbi la njano. Salfa ya kupulizia mikorosho! Mfuko wenyewe ulikuwa hapo kando, umechanika, na niliyeuegemeza ni mimi. Mjinga mimi, nafundisha kemia. Jinsi salfa inavyokula shaba nimeiandika ubaoni miaka yote.

Nikaifunga. Sikumwambia mtu.

Mpaka leo, mama akitaka mahindi ya stoo, haingii. Anasimama mlangoni na ungo wake, ananiita nimtolee, asije akaharibu tena. Nami nainuka, namtolea.