Jiwe Nililolikoboa

Mjomba wangu alilikuta jiwe lile kwenye mahame yake kilimani, upande wa Kwamsisi, mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa. Alikuwa amekwenda kung'oa muhogo uliobaki. Jiwe lilikuwa kubwa kama ngumi, la kijani lenye madoa meusi, na ndani yake mmejaa punje nyekundu. Akaja nalo kwangu moja kwa moja. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu katika ukoo, na kwa mjomba mwalimu alijua kila kitu, kasoro kulima.

Alikuwa na hoja yake. Kama serikali ingeona kwamba kilima chake kina vito, ingemhitaji mtu anayekijua kilima hicho, na mtu huyo huenda angeruhusiwa kurudi kukaa kule, karibu na kaburi la mkewe. Hakutaka kingine. Tukapanga twende Korogwe kumwona bwana madini.

Sasa sikilizeni ujuaji wangu. Kwetu mgeni hapikiwi dona. Mahindi hukobolewa, yakapepetwa, yakawa meupe, ndipo ugali uende mbele za watu. Nikalitazama jiwe la mjomba, nikaona pumba tupu.

"Mjomba, huwezi kumpelekea mtu wa serikali yakuti na uchafu wake," nikamwambia. "Atatuona washamba."

"Mimi naona limekaa vizuri hivyo hivyo, mwalimu."

"Niachie mimi."

Nikaliweka ndani ya kinu ili vipande visiruke, nikachukua nyundo ya shule. Nilidhani wekundu ungechopoka wenyewe. Wapi! Kijani kilipopasuka, chekundu nacho kilipasuka. Nikazidi kugonga kwa hasira, kana kwamba jiwe limenikosea adabu. Mwishowe nikapepeta kwa ungo, nikamfungia mjomba chenga nyekundu katika kitambaa. Alizitazama, kisha akasema ahsante.

Bwana madini, kijana wa rika langu, alizimwaga mezani.

"Chenga kama hizi zinaokotwa mtoni popote. Mwamba wake uko wapi?"

Mjomba akamtajia kilima chake, akamweleza ule ukijani na yale madoa meusi. Kijana akashika kichwa.

"Mzee, vitu hivyo vilikua pamoja, humo humo ardhini, vikashikana. Ule ukijani si uchafu. Mngeleta jiwe zima ningejua mwamba wa kufuata, tena lenyewe lingechongwa vile vile lilivyo. Kwa chenga hizi na maneno matupu siwezi kumtuma mtu kilimani. Nani alilivunja?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akaniwahi.

"Mimi, bwana. Nilidhani linakobolewa."

Kijana alicheka sana. Akanigeukia, msomi kwa msomi, akasema, "Wazee wetu hawa, mwalimu!"

Nami nikacheka.

Nilicheka na mtu nisiyemjua, huku mjomba ameinamia meza anaokota chenga moja moja, akiwa ameshaelewa kwamba kule hatarudi. Kulivunja jiwe nimejisamehe. Sikujua, na asiyejua hana dawa ila kufundishwa. Kicheko ndicho ninachokionea aibu mpaka leo. Nilipofungua mdomo nilitaka kweli kusema kwamba ni mimi, na nafasi ya kusema hivyo ilikuwepo hata baada ya yeye kuniwahi. Niliona ni nafuu wamcheke yeye.