Shangazi Amesugua Garimoshi la Mume Wangu

...na msiniambie nitulie, jamani. Sitatulia!

Mume wangu, huyu kipenzi niliyepewa na Mungu, anatengeneza garimoshi dogo, mfano wa lile alilokuwa akiendesha baba yangu hapa Itigi. Ni zawadi ya kumpa baba. (Nililia aliponiambia. Nyie acheni.)

Magurudumu yake ya shaba yalikuwa yanang'aa kama hereni, kwa hiyo jana aliyachovya kwenye dawa ya kutia weusi. Yakatoka meusi, mazuri, kama ya kweli. Akayaanika uani.

Leo akaja shangazi yake kutoka Kilimatinde kunisalimu mimi bibi harusi.

Nikaingia ndani kupika chai.

Natoka na vikombe, shangazi ameshika stilwaya na majivu. Magurudumu yote yanang'aa!

"Mke mpya unaanika vyuma vyenye masizi? Watu watakusema. Haya, usinishukuru."

Nyinyi mngemjibu nini? Ni sawa na mama mkwe! Nikapiga goti, nikasema asante.

Kipenzi akarudi, akaona. Nikangoja anitetee.

"Asante, Shangazi. Yanang'aa kweli."

HATA YEYE!

"Mlete kwangu nimfundishe kusugua," shangazi akasema.

"Nitamleta, Shangazi. Mwezi huu huu."

Sasa anayachovya upya, anacheka peke yake. Mzuri hata nikiwa nimemkasirikia.

Haya, Shangazi. Kabla mwezi haujaisha nitabisha hodi Kilimatinde, na hiyo dawa nakuja nayo. Sufuria zako uzifiche.