Mtaanza Kuamkiana

Bendi yenyewe ilikufa kabla sijamaliza shule ya msingi. Ilikuwa mali ya shirika la umma: magitaa, ngoma, hata suti za wanamuziki. Shirika lilipouzwa, mwekezaji aliyelinunua hakuhitaji bendi. Nyimbo zake nilizijua kwa kaseti za baba, ambazo zilipigwa mpaka utepe ukaanza kuvuta. Ndiyo maana nilipomaliza chuo kikuu na kurudi Dodoma kusubiri ajira, nikagundua kwamba kwenye intaneti kuna jukwaa la watu wanaoipenda bendi ile, nilijiunga siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo pia nikagombana na mtu.

Ugomvi wetu ulihusu gitaa la solo katika wimbo wa mwisho waliourekodi. Watu wote walikubaliana kwamba lilipigwa na kiongozi wa bendi. Mimi nikahoji. Mkono ule haukuwa wake, nikaandika, sikilizeni vizuri. Mtu mmoja akanijibu kwamba masikio yangu yamejaa vumbi la Dodoma. Nikamwita kiziwi mwenye redio. Naye akaandika, "Heri kiziwi mwenye redio kuliko msomi mwenye kaseti ya kuazima."

Tulianzia hapo. Kutoka kwenye gitaa tukaingia kwenye kuuzwa kwa mashirika, kutoka huko tukafika kwenye dini, na kama kuna maana yoyote ya kusubiri ajira. Nyumbani niliambiwa nina maswali mengi. Kule nilipata mtu aliyelijibu swali kwa swali jingine, na tusi la kusindikizia. Nilimchukulia kuwa kijana mwenzangu aliyehitimu na kukosa la kufanya. Moyoni nilimwita mpinzani wangu, na asubuhi nilikuwa nakwenda kazini haraka ili nione ameandika nini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya muda. Nilisimamia kompyuta chache nyuma ya duka la kanga, karibu na soko. Mwenye duka alikuwa mtu wa mjini hasa. Mababu zake walikuja na misafara ya biashara, wakabaki. Kanga alizielewa, kompyuta alinikabidhi mimi, na kila jioni tulipuliza pamoja vumbi lililoingia ndani yake.

Wazo la sauti lilikuwa langu. Nilisoma kwamba ipo programu ambayo kompyuta moja huwa kama chumba, na watu kutoka popote wanaingia humo na kuongea kwa pamoja, kila mmoja akishikilia kitufe anapotaka kusema. Niliona maandishi yanamficha mtu, na kwamba tukisikiana tutaujua ukweli. Siku zile niliamini ukweli haujawahi kumdhuru mtu. Jukwaani karibu wote walifurahi. Aliyepinga alikuwa mmoja.

"Maandishi yanatutosha," aliandika mpinzani wangu. "Mkianza kusikiana mtaanza kuamkiana."

Nilicheka, nikamwandikia kwamba anaogopa kushindwa kwa mdomo.

Matayarisho yalichosha. Ilibidi kila mwanachama aipakue programu, na kwa laini za wakati ule ilichukua mchana mzima na mara nyingi ilikatikia njiani. Nilimwelekeza muuguzi mmoja aliyekuwa Uingereza, mwanafunzi aliyekuwa India, na karani wa Mwanza aliyechomeka maiki kwenye tundu la spika kisha akalalamika kwamba chumba changu ni kibovu. Tulichagua Jumapili mchana, wakati Bunge halikai, kwa sababu Bunge likikaa mji wote ulikuwa unagombania laini.

Jumapili ikafika. Nikavaa hedifoni, nikafungua chumba. Akaingia karani, tukaulizana habari za Mwanza na za Dodoma, za nyumbani na za mvua. Akaingia muuguzi, ikabidi asalimiane na wote wawili. Akaingia mwanafunzi, tukaanza upya, kila mtu akishikilia kitufe chake na kungoja zamu. Mwenye duka alisimama nyuma yangu akisikiliza sauti zilizovuja kwenye hedifoni.

"Hawa wamekuja kuzungumza muziki," aliniuliza, "au wamekuja msibani?"

Ndipo nikaliona jina la mpinzani wangu kwenye kioo. Kwanza ilisikika pumzi, kisha kuku mahali fulani kwa mbali, kisha sauti.

"Haya, nimefika, nyie msiojua gitaa."

Ilikuwa sauti ya mzee. Ilikwaruza, na ilipumzika katikati ya maneno kama mtu anayepanda ngazi.

Nikashikilia kitufe. Nilikuwa nimeandaa tusi tangu Alhamisi. Nikasema, "Shikamoo."

Nikaachia kitufe. Nilidhani laini imekatika.

"Marahaba," alisema.

Wengine nao wakafuata mmoja mmoja, shikamoo mzee, shikamoo baba, naye akaitikia zote. Karani akamwomba atueleze, kwa kuwa mtu wa umri wake bila shaka aliiona bendi kwa macho, lile gitaa lilipigwa na nani. Akasema ni la kiongozi wa bendi, kama alivyosema siku zote. Hakuna aliyebisha.

"Na wewe wa Dodoma?" akauliza.

"Sawa, mzee."

"Sawa nini? Juzi uliniita kiziwi."

"Utusamehe, mzee."

Baadaye kidogo jina lake likatoweka kwenye kioo.

Jukwaani alijaribu kurudi kama zamani. Aliandika kwamba wote hatuna masikio, akajibiwa, "Heshima yako, mzee wetu." Aliandika mabaya zaidi, wakamshukuru kwa busara zake. Mimi niliandika majibu makali, nikayasoma, nikayafuta. Kila nilipoyasoma niliisikia ile pumzi. Siku moja akaniletea ujumbe peke yangu: "Unaumwa? Mbona hunijibu?"

Nilijibu, "Hapana mzee, mimi mzima, namshukuru Mungu." Ni mtu ambaye nilibishana naye miezi mingi kama huyo Mungu yupo.

Nilikuwa nimehoji serikali, vitabu vya chuo na mahubiri ya Jumapili, nikashindwa na neno moja nililofundishwa kabla sijajua kuvaa viatu. Mpaka leo sijui kama lilikuwa kosa. Ningesema nini badala yake?

Nilimuuliza mama, aliyekuwa uani akichambua mlenda.

"Ni wa umri wa baba yako au wa babu yako?" aliuliza.

"Nimesikia sauti tu."

"Sasa sauti itakwambia nini? Kama ni wa babu, we mtanie tu, mjukuu na babu yake wanatukanana mpaka kesho. Kama ni wa baba, tulia."

Nikaenda kumwandikia swali moja: "Una wajukuu?" Niliamini akisema ndiyo, nitamwita babu na kumtukana palepale. Hakujibu. Niliendelea kulifungua jukwaa kila asubuhi, swali langu likiwa limekaa pale peke yake.

Wiki chache baadaye mwanawe aliandika jukwaani kwa kutumia jina la baba yake. Alisema baba alikuwa mgonjwa wa kifua kwa muda mrefu, na kwamba amezikwa nyumbani kwao. Ameacha mjane, watoto na wajukuu, mkubwa wao amehitimu chuo kikuu mwaka huu.

Nikaisoma sentensi ile ya mwisho mpaka mteja akanigusa bega.

Chini yake rambirambi zilikuwa zimejaa. Mzee wetu, hazina yetu, pumzika. Nami nikaandika yangu: "Babu, gitaa lile si la kiongozi wa bendi. Hata huko uliko bado kiziwi."

Kufikia mchana wasimamizi wa jukwaa walikuwa wameuondoa ujumbe wangu, wakaacha maelezo mafupi kwamba ujumbe usio na heshima kwa marehemu umefutwa. Hakuna aliyepinga. Watu wa kupinga mambo kama hayo pale jukwaani tulikuwa wawili.