Nzau na Ukurasa wa Pemba

Nzau wa Kaleli alikuwa hajaiona bahari, lakini mwaka 1957 visiwa vyote vya pwani vilipita mikononi mwake. Alikuwa karani katika kiwanja kidogo cha ndege kati ya Ruiru na Thika, ambako ndege za kukodi ziliwachukua mabwana wa mashamba ya mkonge hadi Pemba na Unguja. Kila mwezi masahihisho yalikuja kwa posta: anga hii sasa imekatazwa, mahali pale rubani anapopaswa kupiga ripoti kwa redio pamehamishwa. Nzau aliyakata vipande kwa wembe, akavibandika juu ya maandishi ya zamani katika kitabu cha marubani kwa gundi ya unga wa ngano.

Mwezi wa Agosti mkono wake ulisita. Karatasi mpya iliihamishia anga ya mazoezi ya mizinga kaskazini ya Pemba, lakini mahali pa kupiga ripoti hapakuguswa. Alipima kwa rula mara tatu. Palikuwa katikati ya mizinga.

"Wewe umewahi kuona bahari?" akauliza msimamizi wake, Mzungu, alipoonyeshwa kosa hilo.

"Sijaiona, bwana. Nimeiona rula."

"Kazi yako ni gundi. Bandika."

Nzau hakubandika. Alijua kwamba kipande kikishabandikwa hupigwa muhuri, na rubani haulizi tena. Gathogo, aliyetia ndege mafuta, akamcheka: "Mkamba, hata mtoni huogelei. Samaki wa Pemba ni shemeji zako?"

"Kesho wanapanda abiria wanne," Nzau akajibu. "Si samaki."

Asubuhi alimpelekea rubani karatasi ile pamoja na ramani aliyoichorea mstari wa penseli. Rubani akaitazama. Hakuruka. Aliita Nairobi kwa redio, na siku ya tatu yakaja masahihisho mengine: mahali pa ripoti pamesogezwa maili kumi na tano magharibi.

Mimi niliyesoma naye darasa moja nilingoja kusikia ameshukuriwa. Badala yake nilisoma barua aliyopewa. Amefukuzwa kazi kwa kukaidi amri na kwa kuichafua ramani ya kampuni. Watu watano wako hai, na shtaka ni penseli! Ni ofisi ya namna gani inayoajiri mikono ya mtu na kuyaadhibu macho yake?

 Kabla ya kurudisha ufunguo wa ofisi Nzau aliomba kitu kimoja tu, kile kipande cha masahihisho ya pili. Akakibandika kwenye ukurasa wa Pemba, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kona zote zikalala, ndipo akachukua koti lake.